Pindo la Kukulia

Watu husema fundi cherehani anamjua mtu nje ndani. Wanatia chumvi, lakini si nyingi. Fundi anajua bega lipi limeshuka, tumbo lipi limeanza kumtangulia mwenyewe, na ni bwana gani anayebana pumzi akipimwa kiuno akidhani anamdanganya mtu. Bi Futi alikuwa fundi wa namna hiyo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni toka asubuhi mpaka jioni, na wapo walioapa kwamba hata siku ya harusi yake aliivaa juu ya gauni. Alikuwa na miaka sitini na tisa, cherehani moja nyeusi ya kukanyaga, na daftari la vipimo ambalo jalada lake lilishabadilishwa mara tatu.

Kwa hiyo siku karani wa kamati alipoingia dukani na fomu, akauliza swali moja dogo, na Bi Futi akakosa la kujibu, ile ilikuwa kwanza kabisa aibu ya kazi. Uchungu ulifuata baadaye, ukiwa umejitayarisha vizuri.

Karani alikuwa binti mwenye adabu, mwenye miwani na kalamu mbili. Alieleza kwamba kamati ya familia hatimaye imekabidhiwa ule uwanja wa nyuma ya jengo la zamani la usalama, jengo ambalo kwa miaka mingi watu walivuka barabara ili wasipite mbele yake. Ukuta umebomolewa. Sasa zitasimamishwa nguzo za mbao mia mbili na kumi na mbili, nguzo moja kwa kila mtu aliyeingizwa pale na hakutoka. Na kila nguzo itakuwa na urefu wa mtu wake.

"Tumeona majina peke yake hayatoshi, mama," alisema. "Tunataka mtu akija, asimame naye."

Bi Futi alisimamisha cherehani. Kusimama naye. Kwa miaka arobaini na minne watu wamemwambia mengi kuhusu mdogo wake: amwombee, amsahau, amshukuru Mungu kwa waliobaki. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kusimama naye.

"Jina ninalo," alisema. "Mwaka wa kuzaliwa ninao. Siku waliyomchukua ninayo, hata saa ukitaka."

"Na urefu?"

Bi Futi akalivuta daftari la vipimo, kisha akalirudisha.

"Kama haujulikani si tatizo," karani akasema upesi. "Tunaandika wastani. Mita moja na sentimita sabini. Familia nyingi wamefanya hivyo."

"Wastani?" Bi Futi alivua miwani yake ili amwone vizuri huyo aliyesema neno hilo. "Mwanangu, mdogo wangu hajawa wastani hata siku moja. Mnauhitaji lini?"

"Ijumaa. Jumamosi seremala anaanza kukata."

"Ijumaa utaupata."

Angeupatia wapi? Hilo ndilo alilojiuliza binti alipotoka. Picha zote zilichukuliwa. Watu wa usalama walikuja siku ya tatu baada ya kumchukua mdogo wake, wakabeba picha, vitabu, barua, hata kalenda ya ukutani. Daftari la vipimo walilifungua, wakaona tarakimu na maneno kama kiuno na kwapa, wakacheka, wakalitupa chini. Waliona ni mambo ya wanawake. Hivyo ndivyo lilivyopona.

Na ndani ya daftari, ukurasa wake mwenyewe, kijana huyo alikuwemo mzima mzima: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, mgongo, suruali. Kila kitu isipokuwa kimo. Nani amewahi kuona fundi anapima kimo cha mtu? Nguo haianzii utosini. Bi Futi alimjua mdogo wake kwa vipande kumi na viwili, na hakuwahi kuvijumlisha.

Nyumbani walimwita Ngongoti, kama wale wachezaji wanaotembea juu ya miti mirefu. Alikuwa kitindamimba, mama yao alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka tisa, na dada yake, ambaye hapo alikuwa na kumi na mitano, akaacha shule akashika cherehani. Mtoto alikuwa anakua kama aliyetumwa. Ukimshonea suruali ya shule Januari, ikifika Aprili suruali imeshagombana na viatu, na watoto wa mtaa wanamwuliza kama mto umefurika huko anakotoka. Dada alichoka kuona analia. Ndipo akaanza kumwachia pindo la kukulia: kitambaa cha upana wa vidole vinne kinakunjwa ndani, kinashonwa kwa uzi mwepesi, na kila miguu ikiongezeka, anafumua kidogo, anashusha kidogo. Suruali moja ilimaliza mwaka. Ngongoti alilalamika kwamba pindo linapiga kelele akitembea. "Acha lipige," dada alimwambia. "Ni wewe wa mwakani huyo, anabisha hodi."

Siku waliyomchukua ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na wiki mbili kabla alisimama mkutanoni akauliza walimu wao watatu wamepelekwa wapi. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kuuliza. Wakampeleka kwenye jibu.

Alikuwa amesimama juu ya stuli dukani, amevaa suruali mpya ya mahafali, na dada yake amepiga magoti sakafuni anapanga pindo kwa pini. Mguu wa kushoto ulishamalizika.

"Dada, safari hii kata," alikuwa anambembeleza. "Hili pindo la nini tena? Mimi ni mtu mzima, nimeshamaliza kukua. Nitasimama mbele ya darasa na pindo kama la mtoto wa chekechea?"

Bi Futi alikuwa na pini sita mdomoni. Akatikisa kichwa tu kukataa. Jibu lenyewe alilipanga moyoni, alimpe akishatoa pini.

Wanaume wawili waliingia, viatu vinang'aa, sauti za upole kabisa. Walimtaja kijana kwa jina lake la kwenye cheti, lile ambalo hakuna mtu aliyemwita.

"Dakika mbili tu, dada," mmoja akasema. "Tunarudi naye."

Ngongoti akashuka kwenye stuli. Mguu wa kushoto umepindwa kwa pini, wa kulia unaburuta chini. Alimtazama dada yake, na dada yake akamtazama, mdomo umejaa chuma. Mpaka anatema zile pini mkononi, gari lilishapiga kona. Tangu siku ile Bi Futi hajaweka pini mdomoni. Anazichoma kwenye kifuko cha pamba mkononi, na anayemwuliza sababu anaambiwa ni meno.

Alhamisi mchana alichukua daftari lake akaingia duka la pili, kwa kinyozi. Kinyozi huyo mtaa mzima walimwita Upara, kwa kuwa Mungu ana mzaha wake. Alikuwa rika la Ngongoti na rafiki yake wa kufa na kuzikana, ingawa la kuzikana halikuwezekana. Kwenye kiti alikaa mteja mwenye povu shavu moja.

"Upara, nipime kichwa."

"Kimefanya nini tena?"

"Kuanzia mfupa huu wa shingo mpaka utosini. Wima. Usinizungushie futi kama unanishonea kofia."

Upara akamwomba radhi mteja, akashika futi, akapima, akarudia. "Inchi kumi na nusu. Hiki si kichwa, hii ni ghala. Ndiyo maana hakishauriki."

"Ni kichwa cha mama yetu. Alitugawia wote sawa, na Ngongoti alikuwa nacho hiki hiki."

Ndipo akamweleza, na Upara akaacha mzaha. Bi Futi alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye kila mstari. Suruali, kiunoni mpaka kisigino: arobaini na nne. Kisigino mpaka chini: moja. Mgongo, shingoni mpaka kiunoni: kumi na nane na nusu. Kichwa: kumi na nusu. Mteja mwenye povu, ambaye hakuna aliyemwuliza, akajumlisha kwa sauti.

"Sabini na nne. Futi sita na inchi mbili."

"Haiwezekani," Upara akasema.

"Imewezekana, hiyo hapo."

"Dada, unanionea mchana kweupe. Mimi ni futi tano na inchi kumi na moja, imeandikwa kwenye kitambulisho tangu ujana, na sijapungua hata unywele."

"Unywele!" mteja alisema.

"Nyamaza, nina wembe. Dada, mimi na Ngongoti kila Jumamosi tulisimama mgongo kwa mgongo pale mlangoni kwako. Tulikuwa sawa. Sawa kabisa."

"Ulisimama kwa ncha za vidole. Nilikuona."

"Mara moja tu!"

"Upara, wewe unakumbuka. Mimi nimeandika." Bi Futi akafunga daftari. "Kumbukumbu inazeeka na mwenyewe, wino hauzeeki."

Upara aliufuta wembe kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Sawa, andika. Ila siku hiyo nitasimama naye mgongo kwa mgongo, watu wote waone nani mwongo." Kisha akamgeukia mteja akamlaumu kwa kuacha povu likauke.

Ijumaa karani alipokea kimo, akakigeuza kuwa sentimita, akaandika mia moja themanini na nane. "Alikuwa mrefu kweli," alisema.

"Nilikwambia," Bi Futi akajibu, na siku nzima alishona akiimba chini chini.

Kuna jambo hakumwambia karani wala Upara. Ngongoti alikuwa na tabia mbaya. Dada akiwa amesimama mezani anakata kitambaa, alikuwa akija nyuma polepole na kumwekea kidevu utosini, kisha anauliza, "Leo tunakula nini?" Kidevu kilikaa pale barabara, kana kwamba kichwa cha dada kilitengenezwa kiwe rafu yake. Dada alikuwa akimkemea kwamba mkasi uko mkononi, utamkata mtu bure. Sasa alikuwa tayari kutoa cherehani, duka na macho yote mawili akemee mara moja nyingine. Hakuitaka nguzo kwa ajili ya watu wapite wasome. Aliitaka ajue kidevu kilikuwa wapi.

Siku ya kumbukumbu ilikuwa Jumapili asubuhi. Uwanja ulikuwa umesawazishwa na kumwagiwa kokoto, na nguzo zilisimama bila mstari, kama watu wanavyosimama kweli wakingoja kitu. Mheshimiwa mmoja alizungumza kwa muda mrefu sana kuhusu kufungua ukurasa mpya, na wazee waliokuwa bado hawajasomewa ule wa zamani walimvumilia. Kisha majina yakasomwa, moja moja, na kila familia ilipoitwa iliingia katikati ya nguzo kutafuta mtu wake. Mama mmoja alipiga magoti kwenye nguzo iliyofika kiunoni kwa mtu mzima, na waliokuwa karibu wakageuza nyuso. Mzee mmoja alisimama kando ya mkewe, akaanza kumwambia habari za mvua.

Jina la Ngongoti liliposomwa, lile la kwenye cheti, Bi Futi alichelewa kidogo kulitambua. Akaenda. Nguzo ilikuwa laini, mbao ya rangi ya kahawia, imepigwa msasa vizuri. Akaishika kwa viganja viwili kama anavyoshika mabega ya mteja kabla ya kuanza.

"Umekuja," alisema. Akalia, na hakujificha.

Alipotulia alivua futi shingoni. Kidevu mpaka utosini ni inchi tisa kwa kichwa cha ukoo wao, hilo alishalipima nyumbani. Akainua mikono, akapima kushuka toka juu ya nguzo, akaweka alama ndogo kwa chaki. Hapo ndipo kidevu. Akageuka, akaegemea mgongo wake kwenye mbao, akafumba macho, akangoja.

Hapakuwa na kitu. Alipapasa kwa mkono. Kati ya utosi wake na alama palipita kiganja kizima, na nafasi ikabaki.

Uzee, alijiambia. Uzee unakunja watu, mimi nimepungua. Lakini daktari alimwambia amepungua inchi moja, na fundi anajua inchi moja ikoje.

"Na mimi zamu yangu," Upara akasema nyuma yake. Alikuwa amevaa suti ambayo Bi Futi alimshonea miaka kumi iliyopita, na kitambulisho mfukoni kama ushahidi. Alisimama mgongo kwa nguzo, visigino chini, akaweka kiganja juu ya upara wake akakirudisha nyuma mpaka kikagusa mbao. Juu ya kiganja nguzo iliendelea, vidole vinne.

Upara hakushangilia. Alitazama vidole vyake, akamtazama Bi Futi, akasema taratibu, "Dada, Wallahi tulikuwa sawa."

Vidole vinne. Bi Futi alitoa daftari kwenye mkoba, akafungua ukurasa, akausogeza karibu na macho. Suruali, arobaini na nne. Na pembeni ya hiyo tarakimu, kwa penseli iliyofifia, kialama kidogo cha mkunjo, kama mdomo wa bahasha. Alikuwa amekitazama Alhamisi na macho yake yakakipita. Sasa alikikumbuka.

Kuna mwaka oda ya sare ilikuwa kubwa, akakata kwa haraka akasahau kumwongezea Ngongoti kitambaa cha pindo, na suruali ikamwaibisha shuleni muhula mzima. Tangu hapo hakuamini kichwa chake. Akawa anaandika nyongeza humo humo daftarini, ndani ya kipimo chenyewe, na kuiwekea alama hiyo. Mteja mwingine yeyote aliandikwa alivyo. Ngongoti peke yake aliandikwa atakavyokuwa.

"Arobaini na moja," alisema. "Ilikuwa arobaini na moja, Upara. Inchi tatu ni za pindo. Nimewapa kamati pindo."

Alihisi aibu ikimpanda usoni. Umri huu, ufundi huu, na mbele ya watu mia mbili ambao kila mmoja anasimama kwa kipimo chake cha haki, wake yeye amekosewa. Karani alikuja, akaelezwa, naye akamwita seremala, mtu mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akizunguka kukaza nguzo zilizolegea.

"Usijali, mama," seremala alisema. "Mbao haina kinyongo. Inchi tatu, eh?" Akapima toka juu, akachora mstari kwa penseli, akaegemeza ngazi yake fupi. Akapanda, akaweka meno ya msumeno kwenye mstari. "Dakika mbili tu."

Bi Futi alihisi ladha ya chuma mdomoni. Pini zote sita zilikuwa pale, juu ya ulimi, na sakafu ya duka ilikuwa chini ya magoti yake, na mguu wa kulia wa suruali ulikuwa unaburuta kuelekea mlangoni. Isipokuwa safari hii alipofungua mdomo, ulikuwa mtupu.

"Usikate!"

Ilikuwa sauti kubwa mno. Familia za jirani ziligeuka. Seremala akabaki na msumeno hewani.

"Shuka, mwanangu," Bi Futi akasema, sasa kwa upole. "Shuka, tafadhali. Usikate."

Karani alitazama fomu yake. "Lakini mama, niandike nini? Kimo si chenyewe."

"Andika hivi. Siku waliyomchukua alikuwa futi tano na inchi kumi na moja. Hizo tatu za juu nilimwachia mimi, dada yake. Andika zote mbili, na jina langu uliweke, nikiulizwa nitajibu."

Binti aliandika. Kalamu ya kwanza ilikuwa imekauka, akatoa ya pili.

Upara alivuta pumzi, akanyoosha koti, akarudi kwenye nguzo, mgongo kwa mgongo, visigino chini kabisa, watu wote wakiona. "Haya, Ngongoti," alisema, machozi yanamshuka mashavuni. "Umenishinda, bwana. Umenizidi. Nimekubali."

Bi Futi alingoja Upara atoke. Kisha akasogea, akalamba kidole gumba, akafuta ule mstari wa penseli ya seremala mpaka ukaisha. Akaweka mkono juu ya mbao, pale ambapo pangekuwa bega, na akampa mdogo wake jibu lake la siku ile ya Jumanne.

"Sikati," alimwambia. "Wewe bado unakua."